Chagueni Kimbilio Kabla Mto Haujafurika

Masomo: Yoshua 20:1–9, Mathayo 2:13–23

Nasema nanyi, wakulima wa ukingoni na wafugaji wa malishoni, wana wa Mto Tana kutoka Madogo hadi Kipini.

Leo nahubiri juu ya jambo moja, na naomba lisiishie kwenye karatasi hii. Mto ukifurika usiku, watu wa nyumba yako watalala wapi? Sikuulizi juu yako. Wewe una miguu, una nguvu, unaweza kupanda mwembe ukakaa huko hadi asubuhi. Nauliza juu ya mtoto wa miezi minne. Nauliza juu ya nyanya asiyeona. Nauliza juu ya binti wa darasa la saba. Watalala wapi? Ukinijibu kwamba Mungu anajua, nitasema Amina, Mungu anajua. Lakini nyumba hiyo amekupa wewe uitunze, na jibu atalidai kwako.

Mto huu tunaujua. Wako wazee kwetu wanaoyakumbuka mafuriko ya 1961. Walio wengi tunaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998. Mwaka wa 2018 tulihama. Novemba 2023 tulihama. Hata matope hayajakauka vizuri, masika ya 2024 yakatuhamisha tena, katika mvua zilizoua zaidi ya watu 250 Kenya nzima. Mto huu unatulisha: tope unaloliacha ndilo linaloukuza mpunga wetu, migomba yetu na miembe yetu. Hatuishi hapa kwa ujinga, na asitokee mtu wa kutucheka. Lakini anayekula kwa mto lazima ajue siku ya kuupisha.

Tena sisi tumepewa rehema ambayo wengine hawakuipata. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliwakuta watu wa Mai Mahiu vitandani, na makumi walikufa kabla hawajajua kinachonguruma ni nini. Maji ya kwetu huja kwa mwendo mwingine. Mvua inayotuhamisha mara nyingi hainyeshi kwetu. Hunyesha Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ikajaza mabwawa ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Yakijaa yakaanza kumwaga, kampuni ya umeme ya KenGen hutoa tahadhari, redio zikatangaza, chifu akapita akiwaambia watu wahame. Mbingu ya Garsen iko wazi, jua linawaka, watoto wanacheza, na maji yako njiani. Huchukua siku kadhaa kutufikia. Ndugu zangu, siku hizo ni zawadi kutoka kwa Bwana! Na sisi tunazifanyia nini? Tunasema, "Tuone kwanza." Tunaona nini? Tunaona maji mlangoni.

Mungu hutayarisha kimbilio kabla ya mbio

Fungua Yoshua sura ya 20. Nchi imekwisha kugawanywa, kila kabila limepata urithi wake, watu wanajenga. Ndipo Bwana anasema na Yoshua juu ya jambo ambalo mtu mwenye furaha ya nyumba mpya hataki kulisikia: tengeni miji ya makimbilio. Miji ile ilikuwa ya mtu aliyeua bila kukusudia, akawa anafukuzwa na mlipiza kisasi. Haikutengwa kwa ajili ya mafuriko. Lakini itazame njia ya Mungu wetu. Alijua kwamba iko siku mtu atakimbia. Wala hakungoja mtu akimbie ndipo amtafutie mahali. Mahali pakatajwa kwa jina: Kedeshi, Shekemu, Hebroni, Bezeri, Ramothi, Golani.

Sasa tazama mahali miji hiyo ilipo. Mitatu ng'ambo hii ya Yordani, mitatu ng'ambo ile. Aliye mashariki alikuwa na mji wake, na aliye magharibi alikuwa na wake, kusudi anayekimbia asilazimike kuuvuka mto roho ikiwa mkononi. Enyi watu wa Tana, mnalisikia neno hili? Aprili 2024 barabara kati ya Madogo na Garissa iligeuka mto, watu wakapanda boti ili wavuke, boti ikapinduka pale Kona Punda, na wengine hawakutoka majini wakiwa hai. Kimbilio lako liwe upande wako wa mto! Kama shangazi yako ana nyumba nzuri ng'ambo, nenda kwake leo barabara ikiwa kavu. Siku maji yatakapotanda, ng'ambo si kimbilio tena.

Torati iliagiza pia kwamba barabara za kwenda kwenye miji hiyo zitengenezwe. Na Yoshua anasema kwamba mwenye kukimbia akifika langoni, wazee watamsikiliza, watampokea, watampa mahali pa kukaa. Basi hesabu: mahali penye jina, upande wako wa mto, njia iliyokaguliwa, na watu wanaojua kwamba unakuja. Nyumba yako inayo hayo manne? Au unalo wazo tu la "tutaenda kule juu"?

Mdogo ndiye kipimo

Sasa njoo Mathayo sura ya 2. Herode alikuwa anamtafuta mtoto ili amuue. Hakuwa na haja na Yusufu. Yusufu fundi seremala angeweza kukaa Bethlehemu akapiga randa mbao zake hadi uzeeni. Safari nzima, usiku ule, jangwa lile, ugeni ule, iliamuliwa na uhai wa aliyekuwa mdogo kuliko wote nyumbani. Malaika alimtaja mtoto kwanza, kisha mama yake. Yusufu hakusema, "Mimi nina kazi hapa." Aliamka akaondoka usiku uleule.

Hili ndilo neno nililotumwa kuwapa, na mkisahau mengine yote lishikeni hili: kimbilio la familia hupimwa kwa aliye dhaifu kuliko wote. Mahali panapomfaa baba mwenye nguvu pasipomfaa mtoto mchanga hapajaifaa familia. Mahali ambapo vijana watapata usingizi na nyanya akashindwa kufika chooni, hapajaifaa familia. Ukikaa kuchagua, mweke katikati yule ambaye hawezi kukimbia, hawezi kupiga kelele, hawezi kujitetea, kisha uulize kila swali kwa ajili yake.

Na Misri ya Yusufu inatufundisha maswali yenyewe. La kwanza: je, hatari inafika kule? Misri haikuwa chini ya Herode. Mkono wake uliishia mpakani. La pili: je, kuna watu wa kutupokea? Wayahudi wengi walikuwa wakiishi Misri siku zile. La tatu: je, mtoto ataweza kuishi pale hadi siku ya kurudi? Maana Yusufu hakukaa siku mbili. Alikaa hadi Herode alipokufa.

Hatari inafika? Usiangalie kwa macho ya leo. Muulize mzee maji ya 1961 yalifika wapi, na ya El Niño yalifika wapi. Tafuta alama ya matope kwenye kuta za zahanati na kwenye magome ya miti. Mahali palipolowa zamani patalowa tena. Usipige hema kwenye laga eti kwa sababu ni kavu na mchanga wake ni laini. Laga ni njia ya maji iliyolala. Usipige hema chini ya mti mkavu. Na ukifika juu, fyeka nyasi na ukung'ute kila nguo kabla ya kumlaza mtoto, kwa maana nyoka naye amekimbia maji, na amekimbilia palepale ulipokimbilia wewe.

Nyumba ya jamaa, darasa, kambi, turubai

Njia zilizo mbele yetu si nyingi. Tuzipime zote kwa kipimo kile kimoja.

Nyumba ya jamaa ndiyo ya kwanza, na mara nyingi ndiyo bora. Ina mlango unaofungwa, ina choo, ina sura ambazo mtoto anazijua, na mtoto aliyepoteza nyumba yake anazihitaji sana sura hizo. Lakini nenda kwa heshima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi fika ukiwa na jembe lako mkononi. Peleka gunia la mpunga kabla ya mafuriko, likae huko likikungoja. Zungumza na mwenye nyumba mapema, tena zungumza na mke wa mwenye nyumba, kwa maana mzigo wa wageni yeye ndiye atakayeubeba jikoni. Na uulize bila haya: nani mwingine anaishi humu? Binti zangu watalala chumba gani, pamoja na nani? Wako watoto walioponea mtoni wakaumizwa ndani ya nyumba za jamaa, na wazazi wakanyamaza kwa kuwa walikuwa wageni. Msinyamaze! Namba 116 ni ya watoto, na 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. Mungu hakumwokoa mtoto wako kwenye maji ili umtoe sadaka kwa sababu ya adabu.

Tena ukikaa kwa jamaa, usikae kimya. Nenda kwa chifu na kwa watu wa Msalaba Mwekundu ukaandikishe jina lako. Aliye ndani ya nyumba ya ndugu haonekani kama aliye ndani ya hema, na chakula kikija hugawiwa wanaoonekana.

Njia ya pili ni darasa au kanisa. Lina paa, liko juu, watu wanalijua. Lakini lipime. Mashirika ya misaada ya dunia nzima yamekubaliana vipimo, vinaitwa viwango vya Sphere, na kimoja kinasema kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 chini ya paa. Darasa la mita 8 kwa 6 lina mita za mraba 48. Gawanya mwenyewe: ni watu 13. Tumeona darasa moja likilaza watu mara nne ya hao, wagonjwa na wazima, wanaume na mabinti, mguu kwa kichwa. Siwaambii mlikatae darasa mvua ikinyesha. Ingieni! Lakini siku ya pili anzeni kupanga: wanawake na watoto chumba chao, wanaume chumba chao, mwenye kuhara mahali pake. Na jueni kwamba shule si nyumba. Mwaka wa 2024 muhula wa pili uliahirishwa hadi tarehe 13 Mei kwa sababu ya mafuriko. Kengele ikilia, watoto wa watu wanarudi kusoma na wewe unatoka. Ukiingia darasani, anza siku hiyohiyo kutafuta mahali pa kuhamia.

Njia ya tatu ni kambi. Msiidharau kambi. Kuna maji, kuna dawa, kuna watu wanaohesabu watoto. Lakini fika mapema, kwa sababu ndani ya kambi pia kuna kuchagua, na anayechelewa hupewa kona ya bondeni. Viwango nilivyovitaja vinasema maji lita 15 kwa kila mtu kwa siku. Familia ya watu saba ni lita 105, yaani mitungi mitano ya lita 20 na zaidi kidogo. Jiulize: nani ataibeba mitungi hiyo, na kutoka wapi? Vinasema bomba lisiwe mbali kupita mita 500, na choo kimoja kitumiwe na watu 20. Siku za mwanzo, mambo yakizidi, 50.

Hapo kwenye choo nataka tusimame kidogo, maana ndipo kambi nyingi zinapomshinda aliye dhaifu. Mtazame binti wa miaka kumi na mitatu. Ni saa kumi na moja jioni, joto la Tana halijapungua, midomo imemkauka, na mama anampa kikombe cha maji. Anakataa. Anasema hana kiu. Kiu anayo. Anajua kwamba akinywa sasa, saa tano usiku atahitaji choo. Na choo kiko nyuma ya hema la mwisho, hakina taa, hakina komeo, na vijana hukaa pale. Basi analala na kiu yake, leo, kesho, wiki nzima, na baba yake anadhani mambo ni shwari kwa kuwa binti hajalalamika. Baba! Kabla hujapiga hema, itembee njia ya kwenda chooni kwa miguu yako, tena itembee usiku. Vuta mlango uone kama una komeo ndani. Ukikuta choo cha wanaume na cha wanawake ni kimoja, nenda kwa msimamizi wa kambi ukiwa na wenzako, mseme. Nunua tochi kabla ya kununua kitu kingine. Mama na binti waende wawili wawili. Nyanya asiyeona afungiwe kamba kutoka hemani hadi chooni aifuate kwa mkono wake, asimwamshe mtu kwa haya.

Na maji mnayokunywa, chemsheni au tieni dawa. Mei 2024, maji yakiwa bado yametanda, wagonjwa wa kipindupindu waliripotiwa katika kaunti yetu. Mwaka wa 1994 kule Goma, Kongo, wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamekwisha kuukwepa upanga, wamefika kwenye kimbilio, na makumi ya maelfu wakafa kwa kipindupindu na kuhara katika majuma machache, kwa sababu ya maji machafu na ukosefu wa vyoo. Kumbe mtu anaweza kuponea kifo barabarani akakikuta kimbilioni! Mtoto akianza kuhara, usingoje dawa ya kesho. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyo sawasawa bila kulundika, na nusu kijiko cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo ukimpeleka kwa daktari. Kina mama, jifunzeni hesabu hiyo kwa moyo.

Njia ya nne ni turubai lako mwenyewe, karibu na mifugo na mali. Wengi wa wanaume huipenda njia hii. Ikibidi, ifanyeni vizuri. Turubai la kawaida la msaada ni mita 4 kwa 6, na likishakunjwa kuwa paa, sakafu inayobaki ni ndogo kuliko mnavyofikiri. Familia kubwa itahitaji mawili. Chagua mteremko mdogo ili maji yapite. Chimba mfereji kulizunguka hema. Inua vitanda, ning'iniza chandarua, maana mbu wa baada ya mafuriko hawana huruma. Pika nje, mbali na turubai. Na jiko la makaa lisiingizwe ndani hema likiwa limefungwa, hata kama kuna baridi, hata kama mvua inapiga. Moshi usioonekana huua familia nzima usingizini. Na kama mali ndiyo iliyokufanya uchague kukaa pale, baki wewe na vijana wenye nguvu na mbuzi wako. Mama, watoto na wazee wawe wamekwisha kwenda mahali penye choo na zahanati.

Usikawie, wala usikimbilie pangoni

Wapo watakaoniambia, "Mhubiri, nitaondoka nikiona dalili." Mkumbukeni Lutu kule Sodoma. Aliambiwa mji unaangamia, naye akakawia. Mapambazuko yakafika, bado anakawia, hata wajumbe wa Bwana wakamshika mkono, yeye, mkewe na binti zake wawili, wakawatoa. Alipotolewa, akasema hawezi kufika mlimani alikoelekezwa. Akaomba mji mdogo wa karibu, Soari, akapewa. Kuchelewa kulimpunguzia machaguo. Anayeondoka siku ya kwanza anachagua. Anayeondoka siku ya mwisho anachaguliwa na maji.

Lakini yako makubwa zaidi. Lutu alipofika Soari aliogopa kukaa kule. Alikuwa na mji wenye watu, akauacha, akapanda mlimani na binti zake wawili wakaishi pangoni, bila jirani na bila mwenzi. Yaliyotukia ndani ya pango lile Maandiko hayakuyaficha, nami sitayarudia mbele ya watoto. Nasema tu kwamba alichagua kwa hofu yake mwenyewe, hakuuliza binti zake watakuwaje. Ndugu yangu, usiifiche familia yako mbali na watu kwa sababu unaona aibu kuonekana maskini kambini. Aibu haimwui mtu. Upweke unaua.

Maneno ya nyuma na ya mbele

Nisomeeni pia habari za yule mama Mshunami katika 2 Wafalme sura ya 8. Elisha alimwambia aondoke na nyumba yake kwa sababu ya njaa. Akaondoka, akakaa ugenini miaka saba. Aliporudi, shamba lake na nyumba yake vilikuwa mikononi mwa wengine. Akaenda kwa mfalme akalia haki yake, na alikuwapo shahidi pale aliyeijua habari yake, na mfalme akaamuru arudishiwe vyote pamoja na mazao. Basi nawe nenda na ushahidi wako. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, karatasi za shamba, kadi ya kliniki ya mtoto: tia vyote katika mfuko wa nailoni, funga, viweke mahali ambapo hata mtoto wa miaka kumi anaweza kuvichukua gizani. Andika jina la mtoto na namba ya simu ya mzazi, umshonee ndani ya nguo. Na siku ya kurudi, rudi kama Yusufu. Yeye alisikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi, akaogopa kurudi kule, akaenda Galilaya. Si lazima urudi palepale uliposombwa. Omba, ushauriane, uchague tena.

Sasa nasema na kanisa. Miji ile sita ilikuwa ya Mwisraeli na ya mgeni akaaye kati yao. Wote wawili, lango lilelile! Mwaka wa 2012 damu ilimwagika katika Delta yetu, Mpokomo na Mworma, mkulima na mfugaji, wanawake na watoto wakiwamo. Na maji yakija, sote tunapanda mwinuko uleule. Hatuwezi kungoja hadi siku hiyo ndipo tuanze kuulizana nani anaingia na ng'ombe na nani anaingia na jembe. Wazee wa Gasa wa Wapokomo na wazee wa Matadeda wa Waorma wakae sasa, ardhi ikiwa kavu, wakubaliane: hapa watu, hapa mifugo, hapa maji ya kunywa, hapa mtu asikanyage. Na sisi Wakristo tufungue milango ya kanisa bila kuuliza mtu anasali wapi. Mtoto wa Mariamu alipokelewa katika nchi isiyokuwa yake. Atakayemfungia mtoto wa jirani mlango, anamfungia nani?

Kwa hiyo nawaagiza katika jina la Bwana. Kabla ya Jumapili ijayo, kila nyumba ikae pamoja, watoto wakiwapo na nyanya akiwapo, maana wao ndio kipimo. Tajeni kimbilio kwa jina. Tajeni na la pili, la kwanza likifungwa. Mwende kwa miguu mkaione njia, na mkague kila daraja na kila kivuko. Mpigieni simu mwenyeji wenu mkakubaliane. Kubalianeni neno la kuondokea: chifu akitangaza, tunaondoka siku hiyo, jua likiwa bado liko juu, bila mjadala. Amueni nani anambeba mtoto, nani anamshika nyanya mkono, nani anachukua karatasi. Wekeni namba 1199 ya Msalaba Mwekundu katika kila simu ya nyumba. Nanyi viongozi wa jumuiya, andikeni majina ya walio wapweke, mjane asiye na kijana, mlemavu asiye na kiti cha magurudumu, na mkabidhi kila jina kwa mtu mmoja atakayekuja kuulizwa.

Jumapili ijayo, kabla ya sadaka, nitasimama kanisani niulize nyumba kwa nyumba: watu wako watalala wapi? Nataka nisikie majina ya mahali. Nataka watoto wayaitikie kabla ya wazazi wao.

Bwana aliyewatengea Israeli miji sita kabla ya wao kuihitaji, na awape ninyi macho ya kuona mbali na miguu myepesi ya kuondoka. Amlinde mtoto, amshike mzee, amhifadhi binti usiku, na afungue mbele yenu kila lango lililo upande wenu wa mto. Amina.